Birika la Mama na Meno ya Nyokabi

Mnaponijia kuniuliza kama mkasomee sayansi ya mazingira, huwa nawapa chai kwanza kwa sababu sijui nianzie wapi. Nimestaafu na bado sijui. Mwalimu akistaafu anaweza kuwaonyesha mtu mzima aliyemfundisha kusoma. Fundi anawaonyesha nyumba. Mimi nikiwaonyesha kazi yangu nitawaonyesha maji kwenye glasi, nanyi mtasema, "Si ni maji tu?"

Basi niseme ukweli, na mnisamehe wale mliokuja kutiwa moyo. Kazi hii niliianza nikiwa nimechanganyikiwa, nikaifanya nikiwa nimechanganyikiwa, na nimetoka nayo hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba siku hizi nachanganyikiwa kwa utaratibu. Nikiona jambo silielewi, naketi, naosha chupa zangu, napima tena.

Nilipoingia chuoni mwanzoni mwa miaka ya tisini, aliyeteseka zaidi ni baba. Watu wa kwetu Kalimoni walikuwa wakimuuliza binti yake anasomea nini. Wasichana wa rika langu walikuwa kwenye ualimu, uuguzi na kupiga taipu, mambo yanayoeleweka. Jumapili moja nje ya kanisa nilimsikia akijibu, "Anasomea miti." Jumapili iliyofuata yakawa mambo ya moshi wa viwanda. Mara nyingine nikawa nasomea hali ya hewa, kama yule mtu wa redio. Mwishowe akaniita kando ya zizi.

"Wairimu, hiyo kitu unasomea, iko na uniform?"

"Hapana, baba."

"Iko na sindano?"

"Hapana."

"Sasa watu watajua aje umesoma?"

Kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kozi hiyo kwenye fomu kwa sababu jina lake lilisikika kubwa. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu: bomba la kiwanda linamwaga uchafu mtoni, samaki wamekufa, nami nimesimama hapo na koti jeupe nikinyoosha kidole. Nilikuwa nimepanga chumba Kamenu, na ukifungua dirisha asubuhi pua ilikuambia upepo unatoka upande gani wa Thika. Nikadhani somo lote ni hilo. Mtu anachafua, wewe unamtafuta, unamkamata.

Na siwadanganyi, kazi ya namna hiyo ipo, nami niliifanya baadaye nilipoajiriwa kwenye maabara ndogo ya maji kule Ruiru. Msimu wa kahawa ulipofika, maji ya kuoshea kahawa yakiingia mtoni, harufu yake chachu ilikupata ukiwa bado uko mbali. Tulitembea sana. Hapo Kamakis mnapokwenda kula nyama choma, sisi tulipita na ndoo na kamba na hatukupata hata mahali pa kununua soda. Nawapa funzo moja la bure: ukichota maji ya kupima mtoni, usichote ukingoni, na mdomo wa chupa uelekee maji yanakotoka, na wewe mwenyewe usisimame mbele yake, la sivyo utapima matope ya viatu vyako.

Funzo la pili nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpelekea mkubwa wetu, Bi. Mwikali, ripoti kali kuhusu povu jingi mtoni. Nilikuwa nimeandika maneno mazito, nusura nimuombee mtu kifungo. Bi. Mwikali alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyesoma kila kitu mara mbili. Akaisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Ulienda siku gani?"

"Jumamosi asubuhi, madam."

"Na watu wa Ruiru wanafua nguo siku gani?"

Nikaichukua ripoti yangu nikaondoka polepole.

Lakini si mto ulioniingiza kwenye kazi hii. Ni meno yangu. Turudi nyuma kidogo, chuoni, mwaka wangu wa mwisho.

Mnayaona meno yangu. Ni ya rangi ya chai ya rangi, yenye madoa. Kaka yangu Kamau anayo hivyo hivyo, na watoto wengi tuliokua nao sehemu yetu ya Kalimoni walikuwa nayo. Tuliambiwa ni miwa tunayotafuna. Tukaambiwa ni damu ya ukoo, na kwamba hatupigi mswaki. Mimi nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Nilipofika darasa la tano nilikuwa nimejifunza kucheka na kiganja mdomoni, na picha zangu zote za shule utadhani nimepewa habari ya msiba.

Mwalimu wetu wa kemia chuoni aliitwa Bwana Otieno, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Siku moja alitania kitu, darasa likacheka, nami nikasahau mkono. Baada ya kipindi akanijia.

"Wewe ni wa wapi? Naivasha? Njoro?"

"Kalimoni, mwalimu."

"Kalimoni hapa karibu? Mnakunywa maji gani kwenu?"

Nilikasirika. Nilijua anayatazama meno yangu, na sikuona maji yanahusiana nini nayo. Nikamjibu kwa kifupi kwamba tunakunywa maji ya kisima cha mashine, kisima kirefu kilichochimbwa zamani wakati sehemu ile ilikuwa shamba la mkonge. Maji yake meupe, baridi, matamu. Watu walitoka mbali kuyafuata.

"Niletee kidogo," akasema.

Nikaenda nyumbani, nikaosha chupa ya soda kwa sabuni na majivu mpaka ikang'aa, nikaijaza, nikaibeba kwenye kikapu kama yai. Bwana Otieno hakuigusa. "Glasi hapana," akasema. "Unachotafuta kinaweza kushikana na glasi. Chupa ya plastiki." Nikamwona mtu wa madaha. Jumamosi iliyofuata nikaleta tena, kwa chupa ya plastiki iliyokuwa na mafuta ya kupikia. Akanusa, akacheka, akanipa chupa yake mwenyewe. Safari ya tatu ndiyo iliyofaulu, na mama alikuwa ameanza kuuliza kama chuoni hakuna maji.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Unatia dawa nyekundu kwenye maji, kisha unatazama. Nilikuwa nimeelewa kwamba tunatafuta madini yanayoitwa floraidi. Nikatia dawa. Maji ya bomba ya chuo yakabaki mekundu. Ya kwetu yakafifia mbele ya macho yangu, yakawa rangi ya waridi lililonyauka.

"Imepotea!" nikapiga kelele kwa furaha. "Mwalimu, yetu haina kitu!"

Bwana Otieno akavua miwani. "Wairimu, ikipotea ndiyo ipo. Hiyo floraidi ndiyo inakula rangi."

Nikasimama pale na chupa mkononi. Ikipotea ndiyo ipo. Nawaambia, vijana, hiyo ndiyo sentensi moja niliyotoka nayo chuoni na bado naitumia. Alinieleza kwamba madini hayo kidogo ni mazuri kwa meno, yakizidi huyaharibu, na yakizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Na kwamba jino linaharibika likiwa bado ndani ya fizi, mtoto akiwa mdogo sana. Likishatoka, limeshaamuliwa.

"Nani ameyatia kwenye maji?" nikauliza. Nilishaanza kutafuta bomba la kiwanda.

"Hakuna mtu. Ni mawe."

"Mawe?"

"Maji yanapita kwenye mawe chini huko, yanatoka nayo. Yamekuwa yakifanya hivyo kabla babu yako hajazaliwa."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa rasmi. Nilikuwa nimesoma miaka yote hiyo kumtafuta mchafuzi, na sasa nimempata, ni jiwe. Utalipeleka wapi? Mto uliokuwa mchafu hata kwa macho haukuwa na floraidi ya kutisha. Kisima kilichokuwa safi ndicho kilichokuwa nayo. Nikamwambia Bwana Otieno nataka kufanya utafiti wangu wa mwisho kuhusu kisima hicho. Akasema vizuri, lakini nipime maji watu wanayoyanywa, si yale wanayoyachota tu. Sikuona tofauti. Nikaenda nyumbani kuitafuta.

Tofauti ilikuwa juu ya mafiga, jikoni kwa mama.

Mama aliitwa Nyokabi. Alizaliwa juu huko Murang'a, akakulia maji ya mto, na meno yake yalikuwa meupe kama maziwa mpaka anazikwa. Alipoolewa na kuhamia Kalimoni na baba, hakukuwa na kisima cha mashine cha kutumiwa na wananchi. Walichota mtoni. Mtoto wao wa kwanza, dada yangu ambaye sikumwona, alikufa kwa kuhara akiwa bado anatambaa. Kisima kilipofunguliwa kwa watu, mama alikuwa wa kwanza kupiga foleni. Na watu wa afya walipopita kufundisha wamama wachemshe maji, mama alichemsha kuliko wote. Alichemsha hata ya kuoshea vikombe.

Alikuwa na birika kubwa jeusi ambalo halikutoka motoni tangu alfajiri mpaka watu wanalala. Maji yakipungua, anaongeza juu yake. Yakipungua, anaongeza tena. Ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe mnene, nasi tulijua huo ukoko kama mtu anavyojua ukuta wa nyumba yao. Kutoka kwenye birika hilo ndipo ilipotoka chai ya kila mtu, pamoja na ya Nyokabi mdogo.

Nyokabi mdogo alikuwa binti wa kaka yangu Kamau, mzaliwa wake wa kwanza, na kwa desturi yetu akapewa jina la mama. Kamau na mkewe walifanya kazi ya kiwandani Thika, hivyo mtoto alikaa kwa nyanya yake, cucu wake. Ndio kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya. Mama hakumwita mjukuu. Akimtambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni mimi." Na huyo "mimi" alikuwa akishinda kwenye paja la mwenye jina na kikombe cha chai.

Nikachukua maji ya kwenye birika. Nikayapeleka chuoni. Nilipotia dawa nyekundu, rangi iliondoka kabisa, kana kwamba sikutia kitu. Nikarudia nikidhani nimekosea. Ikaondoka tena. Bwana Otieno akasema, "Mvuke unapanda peke yake, Wairimu. Floraidi inabaki kwenye birika. Akiongeza maji, anaongeza na nyingine." Na majani ya chai yenyewe, akasema, yana yake kidogo. Nikafikiria meno ya Nyokabi, yale ya ukubwani ambayo hakuna aliyeyaona bado, yanayojengwa ndani ya fizi kikombe kwa kikombe. Niliogopa sana. Sijawahi kuogopa maji ya kiwanda kama nilivyoogopa lile birika.

Nikaenda nyumbani na elimu yangu. Mama alikuwa anachambua mboga.

"Maitu, maji ya birika yanazidi kuwa mabaya ukiyachemsha sana."

Hakuinua kichwa. "Nani amesema?"

"Nimepima."

"Wewe na hao wenzako mko na shida. Wale walikuja hapa wakatuambia chemsha. Nikachemsha. Sasa wewe umetoka shule unaniambia nisichemshe. Mkikubaliana mtanitumia barua."

"Sisemi usichemshe. Usiache motoni mchana kutwa. Na mtoto asinywe maji ya kisima."

"Anywe gani? Ya mto?"

Nikaokota jani la mboga lililoanguka.

"Wairimu, nilizika mtoto juu ya maji ya mto. Tangu tuanze kunywa hii maji, kuna mtu amekufa hapa? Wewe ulikufa? Kamau alikufa? Meno inaua mtu?"

Nawaapia, hata leo nikilifikiria swali hilo natembea kwanza nje kidogo. Nilikuwa na kipimo, yeye alikuwa na kaburi. Nikarudi Kamenu nikalala na viatu.

Bwana Otieno naye alikuna kichwa. Akaniambia amesikia upande wa Nakuru kuna watu wanasafisha maji ya aina hiyo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mifupa inashika floraidi kama meno yanavyoishika. Nikaona hilo ndilo jibu, tena la kisayansi. Nikaomba mifupa kwa mwenye bucha, nikaichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba siku nzima ya Jumamosi. Moshi ule ulinuka mpaka majirani zetu waumini wakaja mmoja mmoja kuuliza kwa upole kama kuna dini mpya tumejiunga nayo. Nikasaga mifupa, nikaijaza kwenye ndoo, nikapitisha maji.

Sikujua kwamba mifupa isipoiva vizuri motoni maji hutoka na ladha. Baba ndiye aliyekubali kuonja. Akanywa funda moja, akaliweka mdomoni muda mrefu, akameza.

"Hii si maji," akasema. "Hii ni supu. Imekosa tu dania."

Mbwa akaitiwa, akanywa yote na kulamba ndoo. Tukacheka wote mpaka Nyokabi mdogo naye akacheka bila kujua kwa nini. Katika kucheka huko nikamwona mama ameacha. Alikuwa ananitazama.

"Hiyo mkono," akasema.

"Mkono gani, maitu?"

"Ukicheka unaweka mkono kwa mdomo. Tangu ukiwa mdogo. Mimi nafikirianga ni adabu."

"Adabu?"

"Si ndio? Hata huwa naambia wamama wa kanisa, angalieni Wairimu wangu, hawezi kufungua mdomo mbele ya watu kama hao wengine. Nilikuwa najivunia hiyo mkono."

Ningeweza kumwachia fahari yake. Lakini nikasema tu, "Ni meno, maitu. Naona aibu."

Kuku walikuwa wakipita miguuni, baba akajifanya anakagua ndoo. Mama akamtazama Nyokabi mdogo aliyekuwa kwenye paja lake na kikombe cha chai mikononi. Akakichukua kile kikombe taratibu. Mtoto akalia, mama akaimwaga chai chini hata hivyo, macho yake yakiwa yamejaa machozi. Nilikuwa nimemletea vipimo, mifupa na maneno ya chuo. Hakuna hata kimoja kilichomfikia kama ule mkono.

Wiki iliyofuata baba alimleta fundi Juma, fundi wa mabati kutoka Majengo, Thika, atutengenezee mifereji ya kukinga maji ya mvua na tangi. Fundi Juma alikuwa mcheshi wa maneno mengi. Alipoambiwa maji hayo ni ya mtoto peke yake, akashusha nyundo.

"Mama, tangi lote hili kwa ajili ya huyu mdogo? Nyinyi wakubwa je?"

"Sisi tumeshaharibika," mama akasema. "Huyo ni mimi. Gonga."

Basi ikawa hivyo. Mvua ya kwanza tuliiacha ioshe paa, ya pili ikaingia tangini. Nyokabi alipata uji na maziwa badala ya chai, na maji yake mama aliyachemsha mpaka yaruke, kisha akayaondoa motoni hapo hapo, kana kwamba anamwokoa mtu. Kiangazi tangi lilikauka, na hapo mama alifanya kitu ambacho hata mimi sikuthubutu kumwambia afanye. Alishuka mtoni na mtungi. Akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akamnywesha mtoto, kisha akakesha akimsikiliza tumbo. Sisi wengine tuliendelea na kisima, na birika likaendelea kukaa motoni kwa ajili ya wakubwa, maana baba alikataa katakata chai ya maji mageni.

Nilipomaliza chuo nilikwenda Ruiru kuomba kazi ile ya maabara. Bi. Mwikali alikuwa ametuketisha kwenye benchi, mimi na vijana watanashati wenye vyeti vizuri kuliko changu. Alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika hakuniuliza nilichojua. Alisema, "Nieleze jambo moja la maji usilolielewa."

Nikamweleza yote. Kisima safi kinachodhuru, mto mchafu usiodhuru kwa njia ile, kuchemsha kunakookoa na kuharibu, mama yangu na kaburi lake, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajatoka. Nikamwambia sijui kama nilifanya vizuri kumtoa mtoto kwenye maji yasiyoua na kumpeleka kwenye maji yaliyoua dada yangu. Nilipofika hapo nikajua kazi nimeikosa.

"Hao wengine wote wanaelewa kila kitu," Bi. Mwikali akasema. "Uje Jumatatu."

Kwa hiyo mkiniuliza chuo kilinipeleka vipi kazini, jibu ndilo hilo, na najua haliwasaidii. Chuo kilinipa dawa nyekundu na chupa ya plastiki. Kilichonipa kazi ni swali nililotoka nalo jikoni.

Kazi yetu haina haraka, mjue hilo kabla hamjajaza fomu. Daktari anampa mtu dawa, kesho anaamka. Mimi niliweka tangi, kisha nikasubiri mtoto aote meno. Miaka ikapita. Nilipima mito, nilipima visima vya shule, nilipigwa na mvua, nilifukuzwa na mbwa wa mashamba. Kila nikienda nyumbani nilimfungua Nyokabi mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe.

Jino lake la kwanza la utotoni lilipong'oka, kulitokea vita. Kwetu mtoto hurusha jino lililong'oka juu ya paa na kuomba jipya. Nyokabi akatoka mbio na jino lake, akanyanyua mkono, na mama akapiga kelele kutoka jikoni.

"Usitupe hapo! Litaingia kwa tangi!"

"Cucu, sasa nitatupa wapi?"

"Sijui! Si kwa hiyo bati!"

Mtoto akaangua kilio, kwa sababu kila mtu anajua usiporusha jino juu ya paa jipya haliji. Nami mwanasayansi nilisimama katikati nikiwa sijui nimtetee nani, maana hoja ya mama kuhusu tangi ilikuwa ya kitaalamu kabisa, tena nimemfundisha mimi. Baba ndiye aliyeamua kesi. Akamshika mjukuu mkono wakaenda kwenye zizi, akalirusha jino juu ya paa la ng'ombe. Nyokabi akauliza kama sasa atapata meno ya ng'ombe. Baba akasema hata hayo ni meupe.

Meno mapya yakatoka. Ya mbele yalikuwa meupe, yenye vimistari vyepesi kama chaki, ambavyo ukiwa hutafuti huvioni. Nililia, nawaambia wazi. Lakini magego yake yalipofuata yalikuwa na madoa ya kahawia. Bwana Otieno, niliyemtembelea kumpa habari, akasema huenda hayo yalianza kujengwa kabla ya tangi. Huenda. Kisha nikamwona mtoto wa jirani aliyekunywa maji ya kisima kile kile miaka yote, na yake ya mbele hayakuwa mabaya sana. Kwao hawakuwa na birika, kwao walikunywa maji mabichi. Au mama yake alimnyonyesha zaidi. Au ni bahati. Nikaketi, nikaosha chupa zangu.

Jumapili moja akaja nyumbani mzee mmoja mgeni kanisani, aliyekuwa amehamia karibuni. Tulikuwa mezani. Akaniangalia, akamuuliza baba lile swali.

"Na huyu wenu wa Ruiru, yeye hufanya kazi gani hasa?"

Nikangojea miti. Nikangojea moshi, na yule mtu wa redio. Baba akakiweka kikombe chini.

"Nyokabi!" akaita.

Mtoto akaja akikimbia kutoka nyuma ya nyumba, magoti yamejaa vumbi.

"Hebu kuja hapa ucheke."

"Nicheke nini, guka?"

"Cheka tu. Mgeni aone."

Ombi lenyewe likamchekesha, akacheka mdomo wazi, kichwa nyuma, bila kuficha chochote. Mzee yule akayatazama meno ya mtoto, kisha akanigeukia mimi, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumweleza kwamba mtoto mmoja si ushahidi, kwamba magego yana madoa, kwamba hata yule wa jirani... Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

Basi na mimi nikacheka. Mkono wangu ulikuwa umeshika kikombe, nikauacha huko huko.